Unauza rimu za kung'aa? Muulize mteja njia anayopita kabla hajachagua rangi

Somo la leo ni la sisi tunaouza spea na mapambo ya pikipiki kwa simu: stetasi za WhatsApp, magrupu ya Facebook, Instagram na siku hizi TikTok. Hata kama wewe unauza viatu au masufuria, soma tu. Shida ni ile ile, bidhaa inayouzika haraka kwa picha halafu inarudi na maneno.

Naongelea rimu za sport. Zile za aloi ya aluminiamu zilizomwagwa kwenye umbo kiwandani, zina mikono mitano au sita minene badala ya spoku. Zipo za dhahabu, nyekundu, bluu, nyingine rangi mbili. Mimi niko Gendabi, wilayani Hanang, na wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda wa Katesh, Endasak, Nangwa, Basotu, na wengine wa upande wa Mbulu mpaka Haydom. Nikiposti breki shuu, watu wanapita kimya. Nikiposti rimu ya dhahabu inazunguka juani, inboksi inajaa kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo muuzaji wengi wetu tunakimbilia kuandika "bei ni hii, rangi zipo zote, tuma hela nikutumie". Mimi nasema subiri kidogo. Kwa bidhaa hii, swali la rangi linakuja la mwisho.

RIMU INAFANYA KAZI GANI

Ukielewa hili utauza kwa kujiamini, na mteja ataona unajua unachouza.

Rimu ya spoku imeshikiliwa na vyuma vyembamba, mara nyingi 36, vilivyokazwa kuvuta kati ya habu na duara la nje. Ikigonga shimo, duara linabonyea kidogo na spoku zinagawana lile pigo. Ikizidiwa, spoku mbili tatu zinalegea au kukatika na rimu inaanza kucheza. Dereva anasikia, anaenda kwa fundi, fundi anakaza, anabadilisha iliyokatika, anaizungusha na kuinyoosha. Kazi hiyo fundi yeyote wa kijiweni anaiweza, kwa ufunguo wa spoku na macho yake.

Rimu ya sport ni kipande kimoja. Haihitaji kukazwa chochote, ni nzuri kuosha, na kama imetengenezwa kwa ajili hiyo inaweza kuvaa tairi la tubelesi. Hiyo faida usiidharau huku kwetu kwenye miiba. Tairi la tubelesi likichomwa mwiba au msumari, upepo unatoka polepole, na pancha inazibwa bila kuvua tairi. Na zipo pikipiki zinazotoka kiwandani zikiwa nazo. Kwa hiyo anayesema rimu za sport zote ni takataka naye anapotosha watu.

Tatizo ni jinsi inavyoharibika. Aluminiamu ya kumwaga haipindi sana, inapasuka. Jiwe kubwa kwenye njia ya chini, dereva ana mzigo, mwendo umezidi kidogo, upande wa rimu unamegeka au mkono unapata ufa. Ufa ule mwanzoni ni mwembamba kama unywele na umejificha chini ya rangi ile ile iliyomvutia mteja. Anaendelea kubeba abiria juu yake. Siku utakapoachia, hasa gurudumu la mbele, hakuna dereva mwenye ujanja wa kuokoa.

Sisi wa chini ya Mlima Hanang hatuhitaji kuelezwa mvua inafanya nini kwa barabara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka mpaka Katesh na huku Gendabi, na tuliona. Lakini hata mvua ya kawaida inaacha makorongo na mawe yaliyochomoza kwenye njia za mashambani. Huko ndiko mteja wako anapopeleka mama mjamzito usiku. Ndiyo maana nikiuza gurudumu siwezi kuliuza kama navyouza stika.

MASWALI YANGU

Mwanzoni mwa masika kijana mmoja aliniandikia. Nayaweka hapa mazungumzo yetu kwa kifupi maana ndiyo somo lenyewe.

"Dada habari, hizo za gold za Boxer bado zipo?"

"Zipo kaka. Pikipiki ni yako au ya mkataba?"

"Ya mkataba, imebaki miezi mitano."

"Unabeba nini zaidi?"

"Asubuhi abiria. Mchana mahindi na mbaazi kutoka mashambani."

"Njia ya lami au ya chini?"

"Lami nagusa siku ya mnada tu dada."

Maswali matatu. Kila moja lina sababu yake.

La mkataba: pikipiki ya mkataba bado ni ya bosi mpaka hela ya mwisho ilipwe. Rimu zilizokuja nayo ni za bosi pia. Dereva akizitoa na kuziuza ili anunue za sport, halafu mkataba ukavunjika, kuna ugomvi, na jina lako wewe muuzaji litatajwa. Kwa hiyo mteja wa mkataba namwambia wazi: mwambie bosi wako kwanza, na zile za zamani zifunge kwenye gunia uzihifadhi ndani. Wengine wanaghairi hapo hapo. Sawa tu.

La mzigo: angalia ubavuni mwa tairi. Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 50P. Ile 50 si mapambo, ni kipimo cha uzito, maana yake tairi hilo limepimwa kubeba kilo 190. Ukiona 41, ni kilo 145. Sasa piga hesabu. Dereva wa kilo 65, magunia mawili ya kilo mia mia, tayari ni 265, na pikipiki yenyewe ina zaidi ya kilo 100. Sehemu kubwa ya mzigo huo inakaa kwenye gurudumu la nyuma. Mshikaki wa abiria watatu nao ni hivyo hivyo. Tairi limeshapita kipimo chake hata kabla hujaongelea rimu. Mteja wa namna hii ukimwambia "hii ni ngumu, haivunjiki" umemdanganya, tena kwa maandishi, na maandishi ya WhatsApp yanabaki.

Kuna sheria pia, watu wengi tunaouza mtandaoni hatuijui. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na mteja akikueleza anataka kuitumia kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako kama mtu wa biashara hiyo, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Ukishamuuliza swali na akakujibu "nabeba magunia", huwezi tena kusema hukujua. Ndugu yangu mmoja aliniambia basi usiulize. Nikamwambia nikiacha kuuliza nitauza mara moja tu, kwa sababu kijiwe kimoja kina madereva kumi na wote wanakaa kwenye kivuli kimoja wakiongea.

La njia: huyu wa lami anayetembea Katesh kwenda Babati au Singida, abiria mmoja mmoja, mwendo wa wastani, rimu ya sport nzima ya kiwanda kinachoeleweka itamfaa na ataipenda. Huyu wa mashambani, hapana. Simuuzii jozi ya sport, namwonyesha kitu kingine, nitakieleza chini.

Nilimpigia kijana hesabu ya mfukoni. Tuseme hesabu ya bosi ni 8,000 kwa siku. Spoku ikikatika, fundi anamaliza na jioni hiyo hiyo yuko barabarani. Rimu ya sport ikipasuka, anasubiri nyingine itoke Arusha au Dar kwa basi. Ikichukua siku tatu, ni 24,000 ya bosi bila kuingiza hata mia, chakula cha nyumbani hakijahesabiwa, na rimu mpya hajanunua. Akaniandikia tu "duh".

NAMBA ZA KUOMBA KWA PICHA

Rimu nyingi zinazorudishwa hazirudi kwa sababu ni mbovu. Zinarudi kwa sababu haziingii. "Ya Boxer" haitoshi, maana Boxer zenyewe ziko za aina zaidi ya moja, na TVS vile vile. Usikubali jina la pikipiki peke yake, omba picha.

Picha ya kwanza ni ubavu wa tairi. Ukiona 2.75-17, maana yake tairi lina upana wa inchi 2.75 na linakaa kwenye rimu ya inchi 17. Ukiona 100/90-17, upana ni milimita 100, kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, rimu ni 17 ile ile. Pikipiki nyingi za ukoo wa Honda CG 125 zinavaa 18. Inchi moja inaonekana ndogo kwenye simu lakini tairi la 17 halivai rimu ya 18 hata mkilivuta watu wanne.

Picha ya pili ni breki. Mbele kuna diski au ni breki ya shuu? Rimu ya sport ya diski haina nafasi ya shuu, na kubadilisha kunahitaji shokapu na mfumo mzima wa mafuta ya breki. Kuna fundi atakwambia "tutatengeneza". Kwenye breki sitaki kusikia neno tutatengeneza.

Picha ya tatu ndiyo naipenda zaidi kwa sababu wauzaji wachache wanaijua: namba ya beringi. Mwombe fundi wake asome namba iliyoandikwa kwenye beringi ya gurudumu. 6301, 6302, 6202 na kadhalika. Tarakimu mbili za mwisho zinakwambia unene wa ekseli inayopita katikati: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kwa hiyo 6301 ni ekseli ya milimita 12, na 6302 na 6202 zote ni 15. Lakini angalia, 6302 kwa nje ina milimita 42 na 6202 ina 35, hazibadilishani kwenye habu moja ingawa ekseli ni ile ile. Ukiijua hii hutauziwa kanyaboya na wauzaji wa jumla, na hutamtumia mteja kitu ambacho fundi atakipiga nyundo ili kiingie.

Ya nne ni upande wa sproketi ya nyuma: boliti ngapi, na zimekaaje. Mwombe pia apime kwa rula nafasi kati ya mikono ya swingi pale gurudumu linapokaa. Basi.

ZA MTUMBA NA ZA KUCHOMELEWA

Hapa sina huruma. Rimu ya aluminiamu iliyopasuka ikachomelewa, mimi siuzi, hata kama fundi wa kuchomelea ni hodari kiasi gani. Moto wa kuchomelea unalainisha aluminiamu pembeni ya mshono, na ule ufa unarudi jirani na pale pale. Halafu wanapaka rangi ya dhahabu juu na inaonekana mpya. Nimewahi kuletewa mzigo wa namna hiyo na muuzaji wa jumla, jozi mbili kati ya zile zilikuwa na mshono chini ya rangi. Nilizirudisha kwa basi lile lile.

Jinsi ya kukagua: osha rimu, kausha. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani na pale mikono inapoungana na habu, rangi nene kuliko kwingine ni dalili mbaya. Kisha paka mafuta ya taa sehemu unayoitilia shaka, acha dakika kumi, futa vizuri mpaka pakauke, halafu nyunyizia unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ni njia ya zamani ya karakana na haigharimu kitu. Irekodi video ukiwa unafanya. Video hiyo inaniuzia kuliko ile ya rimu kuzunguka juani, sikutegemea.

Gonga pia kwa bisibisi upande wa mpini. Nzima inalia kengele, yenye ufa mara nyingi inalia kama chungu kilichopasuka. Lakini usitegemee mlio peke yake.

KUNG'AA BILA KUPASUKA

Kijana wangu wa mahindi hakuondoka mikono mitupu. Nilimuuzia duara za aluminiamu za spoku, rangi ya dhahabu, matundu 36, zikafungwa kwenye habu yake ile ile ya zamani. Maana yake breki haikuguswa, beringi haikuguswa, ekseli haikuguswa. Fundi alisuka spoku mpya nene kidogo nyuma. Kwa mbali inang'aa kama za kwenye video, na spoku ikikatika kule shambani anajua pa kwenda. Nilimwambia kitu kimoja tu: baada ya siku chache za kazi zirudishwe kwa fundi zikazwe tena, spoku mpya huwa zinalegea zikianza kubeba.

Kuna kitu bei yake ni ndogo zaidi, mirija ya plastiki ya rangi inayovikwa juu ya spoku. Inauzika kama karanga. Iuze, ila mwambie mteja kwamba inaficha kutu na inashika tope, kwa hiyo mara moja kwa mwezi aivue apitishe mkono kwenye spoku moja moja. Stika za duara la rimu hazina shida kabisa, na kwa mtu wa mkataba ndizo nazipendekeza maana bosi akichukia zinabanduliwa. Vile vitaa vya kwenye vali vinavyowaka gurudumu likizunguka, mimi nimeacha kuviweka. Tope likiingia vinakufa, na mteja anakumbuka kufa kwake kuliko wiki mbili vilizowaka.

Mteja akikuuliza kama anaweza kuvaa tairi la tubelesi kwenye rimu ya spoku, jibu ni anaweza kama ataweka tyubu ndani. Bila tyubu upepo utatokea kwenye matundu ya spoku. Na ukiuza tairi, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa stoo miaka minane ni jipya kwa macho tu.

POSTI NA KUTUMA MZIGO

Posti yangu ya sasa ya rimu za sport inasomeka hivi, ichukue uibadilishe utakavyo:

"Rimu za sport za dhahabu, inchi 17, mbele diski, nyuma shuu, ekseli ya mbele milimita 12, nyuma 15. Mpya, hazijachomelewa, video ya ukaguzi ipo. Zinafaa lami na abiria. Kwa wabeba magunia na njia za mawe tuna za spoku za rangi hiyo hiyo, niulize. Kabla ya kulipa nitumie picha nne nitakazokuomba."

Kuna mtu aliniambia nafukuza wateja kwa posti ndefu. Wanaofukuzwa ni wale ambao wangerudisha.

Kufunga mzigo: ukingo wa rimu ndio unaoumia kwenye buti la basi. Pasua tyubu kuukuu, vika ukingo wote kama bangili, funga kwa kamba, kisha karatasi ngumu ya boksi pande zote mbili. Usizipange mbili uso kwa uso bila kitu katikati. Piga picha kabla ya kufunga na baada ya kufunga, na picha ya risiti ya kifurushi inayoonyesha namba ya gari. Mteja wa Haydom au Basotu mwambie mapema nauli ya basi ni ya nani na nauli ya boda kutoka stendi ni ya nani. Mimi nachukua kwanza kiasi kinachofunika nauli ya kwenda na kurudi, iliyobaki analipa kwa simu akishafungua boksi pale pale stendi na kuona.

Masharti ya kurudisha nayaandika kabla ya kupokea hela: siku mbili, rimu haijavikwa tairi, beringi haijapigwa ndani. Rimu ikishavaa tairi ina alama za vyuma vya kuvulia na huwezi kuiuza tena kama mpya. Kama kosa ni langu, nimetuma saizi ambayo picha zake hazikuonyesha, nauli zote mbili ni zangu bila mabishano. Kama picha alizonitumia zilikuwa za pikipiki ya rafiki yake, na hii hutokea kuliko unavyodhani, nauli ni zake. Ndiyo maana siku hizi naomba kwenye picha ya kwanza namba ya usajili ya pikipiki ionekane.